Spicer-Simson na meli kubwa ya Ziwa Tanganyika

Wasikilizaji wetu wa Lugoba, Chalinze na Bagamoyo wanaujua Mto Ruvu. Sehemu yake ya chini, kabla haujaingia baharini karibu na mji wa Bagamoyo, kwenye ramani za zamani iliitwa Kingani. Wajerumani walipoitawala nchi hii walilichukua jina hilo wakalipa boti moja ndogo ya moshi. Boti hiyo ilifika Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Huko, siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1915, ilitekwa na ofisa mmoja Mwingereza aliyevaa sketi ya khaki.

Ofisa huyo ni Geoffrey Spicer-Simson. Ameandikwa katika vitabu vingi, na vita vyake vya ziwani vilimpa mwandishi C. S. Forester wazo la riwaya iliyotengenezwa filamu mwaka 1951. Wengi humtaja kama mtu aliyewashinda Wajerumani Ziwa Tanganyika. Lakini meli kubwa kuliko zote ziwani, ambayo ndiyo iliyofanya atumwe Afrika, hakuipiga hata risasi moja. Meli hiyo ilizama, ndiyo, ila si kwa mkono wake. Na baadaye ikaibuka, ikafanya kazi miaka mingi baada ya yeye kufa. Tunaijua kwa jina la Liemba.

Haya ndiyo maisha ya mtu huyo, na habari ya meli hiyo.

Ofisa asiye na bahati

Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 Januari 1876 katika mji wa Hobart, kisiwa cha Tasmania, Australia. Walikuwa watoto watano. Sehemu ya utoto wake ilipita Ufaransa, na lugha ya Kifaransa aliijua vizuri, jambo lililokuja kumsaidia sana baadaye. Alisoma Uingereza, na akiwa na miaka 14 tu akaingia jeshi la majini la nchi hiyo. Mwaka 1902 alimwoa Amy Baynes-Reed, aliyetoka magharibi ya Kanada.

Kazi aliyoiweza kuliko zote ilikuwa kupima maji. Alipima Mto Yangtze kule China, na baadaye Mto Gambia, Afrika Magharibi. Upimaji ni kazi ya subira. Unashusha kamba yenye risasi ya kuzamia, unaandika kina, unasogea kidogo, unashusha tena. Manahodha wengine watakaopita hapo hawatakujua jina, lakini ramani yako itawaepusha na miamba.

Kwenye kuongoza meli za vita mambo yalikuwa mengine. Aliwahi kuikwamisha meli ufukweni. Mara nyingine meli aliyoiongoza iligonga boti ndogo ikaizamisha. Wenzake wa rika lake walipanda vyeo, yeye akabaki nyuma. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alipewa kikosi kidogo cha kulinda pwani ya Uingereza. Tarehe 11 Novemba mwaka huo, manowari iitwayo Niger iliyokuwa chini ya kikosi chake ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani ikazama. Yeye wakati huo alikuwa nchi kavu, hotelini. Baada ya hapo alipewa meza na karatasi ofisini, London.

Watu waliofanya naye kazi walimwona ni mwenye majivuno. Alipenda kusimulia ushujaa wake, na hadithi zake zilikuwa kubwa kuliko mambo yenyewe. Mwili wake ulijaa michoro ya chale za wino, naye alifurahi kuionyesha. Akiwa na miaka 39, hakuna aliyetegemea kwamba angepewa tena kikosi cha kukiongoza.

Meli iliyosafiri kwa treni

Sasa tuje huku kwetu. Mwaka 1914 ardhi ya Tanganyika, pamoja na Rwanda na Burundi, ilikuwa koloni la Ujerumani. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilikuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma, mapema mwaka huo huo. Njia ambayo misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliitembea kwa miezi, treni iliikata kwa siku chache.

Wajerumani walitaka reli hiyo iendelee majini. Abiria na mzigo wakishuka Kigoma, wapande meli kubwa itakayowapeleka pande zote za ziwa. Kwa hiyo kiwanda cha Meyer cha mji wa Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya abiria na mizigo yenye urefu wa mita 71. Ilipewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni hili wakati wa Vita vya Majimaji.

Meli ya ukubwa huo haiwezi kupandishwa mlimani ikiwa nzima. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Masanduku yakapakiwa kwenye mabehewa, yakavuka daraja la Ruvu, yakapita Morogoro, Dodoma na Tabora mpaka Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, walikuja kuiunganisha wakisaidiwa na mafundi na vibarua wengi Waafrika na Wahindi.

Vita vilianza kabla kazi haijaisha. Meli iliyokusudiwa kubeba abiria ikageuzwa kuwa ya kijeshi. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, na kati ya mwaka ikaanza kazi ikiwa na silaha. Mzinga wake mkubwa ulikuwa wa milimita 105, uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyoangamia katika delta ya Rufiji.

Mkuu wa Wajerumani ziwani alikuwa Gustav Zimmer. Yeye pia alikuwa mtu wa kupima bahari. Meli yake ya upimaji, Möwe, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe bandarini Dar es Salaam mwezi Agosti 1914 ili isichukuliwe na Waingereza, na mabaharia wake wakapanda treni kwenda Kigoma.

Huko ziwani Wajerumani walikuwa na boti nyingine mbili za moshi, Kingani na Hedwig von Wissmann. Kwa boti hizo walikuwa wameshaziharibu meli za Wabelgiji na Waingereza tangu mwaka 1914. Sasa wakiwa na Götzen, ziwa lote lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600 lilikuwa lao. Waliweza kuhamisha mamia ya askari kutoka Kigoma hadi Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, kabla adui upande wa pili hajajua kinachoendelea.

Boti mbili juu ya milima

Aprili 1915 mwindaji mmoja wa tembo aitwaye John Lee alifika kwenye ofisi za jeshi la majini London. Alikuwa amelizunguka ziwa, na alileta habari kwamba Wajerumani wana meli kubwa Kigoma. Shauri lake lilikuwa hili: zipelekwe boti ndogo zenye injini za petroli, zenye kasi kuliko meli za moshi, zipitishwe Kongo ya Wabelgiji kwa reli na kwa barabara mpaka ziwani.

Wakubwa walikubali. Lakini maofisa wenye sifa walikuwa kwenye vita vya Ulaya, na hakukuwa na wengi wa kuchagua. Spicer-Simson alikuwa karibu, alijua Kifaransa cha kuzungumza na Wabelgiji, na alikuwa amekaa Afrika Magharibi. Akapewa kazi.

Boti zilikuwa mbili, kila moja yenye urefu wa mita 12, mzinga mdogo mbele na bunduki ya rasharasha nyuma. Aliomba ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akazipa majina ya Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto yana maana karibu ile ile, na hapo hakuna aliyepinga. Kwa msomaji wa Kiswahili jina la Mimi lina maana nyingine, na kwa mtu aliyejipenda kama yeye linachekesha kidogo.

Tarehe 15 Juni 1915 waliondoka Uingereza, watu wasiofika thelathini, wakiwa ndani ya meli ya abiria Llanstephan Castle. Kutoka Cape Town walipanda treni hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ikaisha. Mbele yao ilikuwepo milima ya Mitumba, na njia ya zaidi ya kilomita 200 isiyo na barabara.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Vitabu vingi vinasema Spicer-Simson alizivusha boti milimani. Waliozivusha ni Waafrika. Mamia ya wanaume wa Katanga, waliokusanywa na utawala wa Wabelgiji, walikata miti, wakapasua miamba, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja. Mashine mbili za mvuke zilizoletwa kuzikokota boti zilihitaji maji na kuni kila siku, na kulikuwa kiangazi. Wanawake wa vijiji vya jirani waliajiriwa kubeba maji kichwani ili mashine zisizime. Penye mwinuko mkali mashine zilishindwa, wakafungwa ng'ombe, na ng'ombe waliposhindwa watu wakashika kamba.

Majina yao hayakuandikwa. Aliyeandikwa ni mmoja. Hata Lee, mwenye wazo la safari, aliondolewa kwenye msafara na Spicer-Simson kabla ya kufika ziwani.

Msafara ulifika reli nyingine huko Sankisia mwishoni mwa Septemba. Boti zilishuka Mto Lualaba, zikapanda treni tena, na mwisho wa Oktoba 1915 zikafika Lukuga, mji ambao leo ni Kalemie, ng'ambo ya ziwa.

Kingani yatekwa

Kulikuwa hakuna bandari. Walitumia miezi miwili kujenga ya mawe, na boti zikaingia majini siku chache kabla ya Krismasi. Wakati huo Spicer-Simson alianza kuvaa sketi ya khaki aliyoshonewa na mkewe, akisema ndiyo inayofaa kwa joto. Aliogea hadharani, michoro yake ikaonekana na kila mtu. Watu wa ziwani walimpa jina la Bwana Kifungatumbo. Inasimuliwa kwamba wengine walimfinyanga kwa udongo. Maofisa wa Kibelgiji walimcheka pembeni.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba, asubuhi, Waingereza wakiwa kwenye ibada, Kingani ilionekana ikipita karibu. Ilikuwa imekuja kupeleleza kinachojengwa Lukuga. Mimi na Toutou zikatoka kwa nyuma yake. Mzinga wa Kingani ulikuwa mbele tu, haukuweza kupiga nyuma. Mapigano hayakufika robo saa. Kombora liliingia ndani na kumuua mkuu wa boti, Luteni Junge, pamoja na wengine. Waliobaki wakasalimu amri.

Boti yenye jina la mto wetu ilivutwa hadi bandarini ikiwa inavuja. Ilitengenezwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya, Fifi. Habari zilifika London, na mfalme akatuma pongezi. Mtu aliyekuwa anakaa mezani sasa alikuwa shujaa.

Wajerumani hawakujua Kingani imepatwa na nini. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja kuitafuta. Toutou ilikuwa mbovu, hivyo Fifi na Mimi ndizo zilizotoka. Mimi, yenye kasi, iliikimbilia Hedwig na kuichelewesha kwa risasi. Fifi ikakaribia polepole na mzinga wake mkubwa, makombora yakiwa yamebaki machache sana. Moja lilipiga penye mitambo. Hedwig ikazama, na waliookoka wakatekwa.

Siku meli kubwa ilipotokea

Kesho yake, tarehe 10 Februari, ikaja Graf von Götzen yenyewe.

Ilikuja ikitembea taratibu, ikiitafuta Hedwig. Watu waliokuwa pwani ya Lukuga waliiona vizuri. Mabaharia wa Kiingereza, wakiwa na furaha ya jana, walikimbilia boti. Walikuwa wameshinda mara mbili, na hii ndiyo iliyowaleta.

Spicer-Simson aliitazama, kisha akakataa. Boti zikabaki bandarini. Götzen ikaendelea na safari yake, ikatoweka.

Tangu siku hiyo watu wamebishana. Maofisa wake walisema aliogopa. Waliomwandika baadaye wengi wamekubaliana nao. Lakini tukipima wenyewe, jambo si jepesi. Fifi ilikuwa karibu haina makombora. Mimi ilikuwa imechoka, Toutou haifanyi kazi. Mzinga wa Götzen ungeweza kuwafikia wakiwa bado mbali, na kombora moja lingetosha kumaliza boti ya mbao ya mita 12. Angepoteza kila kitu kilichovushwa milimani.

Kwa upande mwingine, kama sababu zilikuwa hizo tu, angewaeleza watu wake. Hakuwaeleza. Alijifungia, akawa mkimya, na mwisho wa mwezi akaondoka kwenda magharibi ya Kongo kutafuta meli kubwa zaidi. Alikaa huko hadi Mei. Miezi hiyo mitatu Götzen ilizunguka ziwani bila mtu wa kuigusa.

Mbao kwenye nafasi ya mzinga

Jambo ambalo Spicer-Simson hakulijua ni kwamba adui naye alikuwa anaishiwa nguvu. Majeshi ya Uingereza yalikuwa yanashuka kutoka Kilimanjaro, Wabelgiji wanaingia kutoka Rwanda. Mkuu wa majeshi ya Ujerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alihitaji mizinga nchi kavu kuliko ziwani. Mzinga mkubwa wa Götzen uling'olewa na kupelekwa kwake. Mahali pake wakaweka mfano wa mbao, ili atakayeitazama kwa mbali asijue.

Juni 1916 Spicer-Simson alitakiwa kusaidia kuiteka Bismarckburg. Jeshi la Luteni Kanali Ronald Murray kutoka Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, lilikuwa linaizunguka ngome kwa upande wa nchi kavu. Kazi ya boti ilikuwa kufunga njia ya maji. Spicer-Simson alifika, akaiona ngome na mashua zilizofungwa chini yake, akahofia mizinga ya ngome, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani na askari wao wakapanda mashua hizo wakaondoka. Tarehe 8 Juni Murray aliingia ngome tupu. Alikasirika, na hakuficha.

Hapo Spicer-Simson akavunjika. Aliugua, akajifungia chumbani, na daktari wa kikosi akashauri arudishwe kwao. Hakuliona tena Ziwa Tanganyika.

Mwisho wa Götzen

Wabelgiji walikuwa wamepata kwa Waingereza ndege nne zinazotua majini. Mwezi Juni zilianza kuipiga Kigoma kwa mabomu. Götzen haikuzama. Lakini jeshi la Wabelgiji lilikuwa linakuja kwa miguu, na reli ya kwenda Tabora ilikuwa hatarini kukatwa.

Zimmer aliamuru meli izamishwe. Kazi hiyo walipewa walewale walioiunga, Anton Rüter na wenzake. Fikiria mtu aliyeipigilia meli chuma kwa chuma, mwaka mmoja tu uliopita, sasa anaambiwa aipoteze. Walitii, lakini kwa namna yao. Mitambo yote waliipaka grisi nene, kila mahali maji yangeweza kula chuma. Waliijaza meli mchanga, wakaipeleka karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, kusini ya Kigoma, na tarehe 26 Julai 1916 wakaifungulia maji. Ilikwenda chini. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma.

Meli nyingi za abiria zilizoingizwa vitani ziliisha vibaya zaidi. Tabora, meli ya abiria ya Kijerumani iliyogeuzwa kuwa ya hospitali, ilipigwa mizinga na kuzama bandarini Dar es Salaam mwezi Machi 1916. Katika Vita Kuu ya Pili, Khedive Ismail, nayo meli ya abiria iliyokuwa inabeba askari, ilitoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Wapo wazee wa nchi zetu ambao ndugu zao waliondoka na meli ile, na hakuna kaburi la kulizuru.

Ukilinganisha na hizo, Götzen ilipata mazishi ya heshima. Waliotaka isipatikane na adui ndio hao hao waliotaka siku moja ifufuke.

Miaka iliyobaki

Spicer-Simson alipofika Uingereza alipewa nishani, na Wabelgiji nao wakampa zao. Lakini wakubwa walikuwa wamesoma pia ripoti za malalamiko. Hakupewa tena kikosi wala meli. Alirudi kwenye meza.

Hata hivyo maisha yake hayakuishia kwenye aibu. Mwaka 1919 alikuwa kwenye mkutano wa amani huko Ufaransa, Kifaransa chake kikiwa na kazi tena. Mwaka 1921 mataifa yalianzisha ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, ili ramani za nchi mbalimbali zilingane na nahodha asomapo alama ajue maana yake popote alipo. Spicer-Simson ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake wa kwanza, na alikaa kwenye kazi hiyo hadi mwaka 1937. Alikuwa amerudi kwenye kile alichokiweza tangu ujana: kina cha maji, vipimo, karatasi.

Alikwenda kuishi magharibi ya Kanada, kwenye nchi ya mkewe, na huko akafa tarehe 29 Januari 1947 akiwa na miaka 71.

Lakini ukitafuta jina lake leo, ofisi ya Monaco haitajwi sana. Kinachotajwa ni sketi, majivuno, boti mbili na siku aliyokataa kupigana. Huenda kosa lake kubwa halikuwa kuikwepa Götzen. Lilikuwa kujisimulia kuwa shujaa kwa muda mrefu mpaka siku alipopaswa kusema wazi kwamba nguvu zetu hazitoshi, turudi nyuma, akashindwa kuyasema maneno hayo mbele ya watu wake. Kiongozi anayeweza kusema hivyo huchekwa siku moja. Asiyeweza huchekwa miaka mia.

Meli iliyobaki

Wabelgiji waliiinua Götzen, ikazama tena. Waingereza walipopewa Tanganyika waliiinua mwaka 1924. Walipofungua mitambo waliikuta chini ya grisi ikiwa nzima kiasi cha kushangaza. Mwaka 1927 ilirudi kazini ikiitwa Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe.

Kwa miongo mingi ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikibeba dagaa, mananasi, mahindi, wafanyabiashara, wagonjwa na wanafunzi. Vijiji vingi vya pwani ya ziwa havikuwa na gati wala barabara. Meli ilisimama mbali, ikapiga honi, na mitumbwi ikaifuata usiku. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi waliposongamana katika kijiji cha Kagunga, Liemba ndiyo iliyotumwa kuwachukua na kuwapeleka Kigoma, safari baada ya safari. Ilikuwa na umri wa miaka mia moja majini.

Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, unatembea juu ya jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, homa na uchovu, na mji ukabaki na jina la kikosi bila majina ya watu. Hivyo hivyo kwa wale wa milima ya Mitumba. Spicer-Simson ana vitabu. Zimmer na Rüter wana meli. Waliovuta kamba na waliobeba maji kichwani wana njia tu, na njia yenyewe imeshaota majani.

Na Mto Ruvu bado unaingia baharini pale pale karibu na Bagamoyo, ukiwa umeazima jina lake la zamani kwa boti moja ndogo iliyobadilishwa jina baada ya vita vya robo saa. Safari nyingine ukivuka daraja lake kwa treni, kumbuka kwamba masanduku 5,000 ya Liemba yalipita hapo hapo.